Yafundishwayo na Yaulizwayo

Mtaala ukiagiza jambo moja, mwalimu akafundisha la pili, na mtihani ukauliza la tatu, mwanafunzi amtii nani? Swali hili si kitendawili cha kuchezea akili. Wanafunzi wa shule zetu za sekondari wamekwisha kulijibu zamani, na jawabu lao ni moja: humtii yule mwenye kutoa alama. Hawafanyi hivyo kwa uvivu, wala kwa kuwadharau walimu wao. Hufanya hivyo kwa kuwa wana akili, na mwenye akili hutazama kwanza mlango anaotaka kuupita, kisha akatafuta ufunguo wake.

Nimelitazama jambo hili kwa muda mrefu katika mikoa ya Mbeya na Iringa, ambako kazi yangu ya uhadhiri hunipeleka kila mwaka kuwakagua wanafunzi wa ualimu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha. Aghalabu safari hizo huangukia miezi ya kipupwe, wakati ambapo Mafinga hufunikwa na ukungu mpaka jua lipande, na Mbeya mjini wanafunzi huingia darasani viganja vimefichwa katika mikono ya sweta. Mimi huketi nyuma ya darasa. Mbele yangu huwa na azimio la kazi, andalio la somo na karatasi ya kutilia alama. Ubavuni mwangu huwapo daftari la mwanafunzi aliyeketi nami dawati moja. Katika vyote hivyo vinne, daftari la mwanafunzi ndilo lisemalo kweli. Andalio huandikwa kwa ajili ya mkaguzi, lakini daftari huandikwa kwa ajili ya mtihani.

Nitatoa mfano mmoja tu, nao ni wa somo langu mwenyewe. Katika Kiswahili cha kidato cha tano na cha sita mna mada ya tafsiri na ukalimani. Tafsiri ni kuhamisha maandishi kutoka lugha moja kwenda nyingine. Ukalimani ni kuhamisha mazungumzo kwa kinywa, papo kwa papo, msemaji akiwa hai mbele ya watu. Hakuna mkalimani wa karatasi. Mtu hawi mkalimani kwa kuzijua sifa za mkalimani, kama vile hawi mwogeleaji kwa kuzijua sifa za maji. Mtaala wetu wa sekondari, tangu ulipogeuzwa mwaka 2005, umesema kwa maneno ya wazi kwamba unataka kumjengea mwanafunzi uwezo wa kutenda, wala si kumjaza maarifa ya kukariri. Basi mada hii ingestahili kuwa ya kwanza kuionyesha sura ya mtaala huo.

Tena Nyanda za Juu ni mahali pema mno pa kuifundisha. Mkoani Mbeya watu husema Kinyakyusa, Kisafwa, Kisangu na Kimalila. Iringa ni nchi ya Kihehe, na Wabena na Wakinga hukutana nao katika kila soko. Mhubiri mgeni akija, hutafutwa mtu wa kumgeuzia maneno. Bibi akipelekwa zahanati, mjukuu husimama baina yake na tabibu. Wanafunzi wengi wa huko wamekwisha kuifanya kazi ya ukalimani kabla ya kulijua jina lake.

Katika shule moja ya Mbeya, ambayo sitaitaja, niliketi katika vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana kusikiliza mada hii ikifundishwa. Mwalimu alikuwa kijana hodari, mwenye sauti safi na hati ya kupendeza ubaoni. Alianza kwa maana ya ukalimani, akaja kwenye aina zake, akaorodhesha sifa sita za mkalimani bora, akamalizia kwa tofauti tano baina ya ukalimani na tafsiri. Wanafunzi walinakili kwa bidii. Katika dakika 80 hizo hakuna hata neno moja lililotoka katika lugha moja likaingia katika nyingine. Nilipomwuliza baada ya kipindi, hakuona haya, wala hakuwa na sababu ya kuona haya. Alifungua kabati, akanitolea mafungu ya mitihani ya shule ya miaka iliyopita na mitihani ya moko, akasema, "Daktari, tazama mwenyewe kinachoulizwa." Nikatazama. Fafanua sifa. Eleza tofauti. Bainisha umuhimu. "Mimi nawapitisha katika njia watakayoulizwa," akasema, na njia ile kweli ilikuwa imekanyagwa mpaka ikang'aa.

Aliyekuwa ameketi nami dawati moja alikuwa binti wa kidato cha sita, mwenyeji wa upande wa Tukuyu. Nilimwuliza kwa sauti ya chini kama amewahi kukalimani. "Kila mara, mwalimu," akajibu. Kwao kanisani, mhubiri akija kutoka mjini, yeye husimama kando yake akawageuzia wazee mahubiri kwa Kinyakyusa, na wazee wakitaka kusema neno huligeuza kwa Kiswahili. Nikamwuliza ni jambo gani lililo gumu kuliko yote. Hakutaja hata sifa moja katika zile zilizokuwa ubaoni. Alisema, "Salamu." Mzee akisimama akamwambia mgeni "ugonile", neno lenyewe, ukilichukua lilivyo, ni kama kumwuliza mtu amelala. Akiligeuza hivyo, mgeni hushangaa. Akisema "habari za asubuhi", mgeni huridhika, lakini yeye huona kwamba heshima ya mzee imepungua njiani. "Basi siku nyingine," akasema, "nasema tu kwamba mzee anakusalimu, halafu namwachia mgeni aitike anavyojua."

Mtoto huyu alikuwa amelifikia, kwa miguu yake mwenyewe, swali ambalo wataalamu wa tafsiri huliandikia vitabu: mtu awe mwaminifu kwa maneno au kwa makusudio ya msemaji? Katika zoezi la mada ile alikuwa amepata alama 38 katika 100, kwa sababu sifa tano zilizotakiwa alikumbuka mbili.

Namwomba msomaji atulie hapa kidogo. Alama ile haikuwa ya uongo. Mwalimu alisahihisha kwa haki, na karatasi ya binti ilistahili 38. Walakini zoezi lilipima kitu kingine kisichokuwa kile ambacho mtaala uliagiza, kisha likakibandika jina la kile. Mwenzake aliyepata 80, ambaye huenda hajapata kusimama baina ya watu wawili wasioelewana, anahesabiwa kuwa mjuzi wa ukalimani. Na yule ambaye wazee wa kanisa zima humtegemea anahesabiwa kuwa ameshindwa. Ubaya zaidi ni kwamba binti mwenyewe aliamini. Aliniambia kwamba yeye ukalimani haumwingii akilini.

Juma lililofuata nilikuwa Iringa, na huko niliona kinyume chake. Mwalimu wa darasa, mama mtu mzima aliyekuwa akimwongoza mwanafunzi wangu wa ualimu, alikuwa amewagawa vijana watatu watatu. Mmoja alikuwa bibi mgonjwa asiyejua ila Kihehe, wa pili tabibu asiyejua Kihehe, wa tatu mkalimani wao. Kundi la kwanza likaja mbele. "Bibi" akaanza kwa "kamwene", akaeleza ugonjwa wake kwa urefu: ulivyoanza, usiku anavyoshindwa kulala, dawa ya miti aliyopewa na jirani, na chakula asichoweza kukishika. Mkalimani akamgeukia tabibu akasema, "Tumbo linamwuma." Darasa zima likapiga kelele. Dawa ya jirani iko wapi? Siku ziko wapi? Palepale wakafahamu maana ya kufikisha ujumbe kamili, bila ya mtu kuiandika ubaoni, na nina hakika kwamba hawataisahau.

Nilifurahi mno, nikalinukuu somo lile kwa ajili ya wanafunzi wangu. Lakini muhula ulipokwisha, mama yule alinionyesha karatasi ya mtihani wa shule. Haikutungwa na yeye. Ilikusanywa na idara kutoka katika karatasi za zamani, na kuhusu ukalimani iliwataka wanafunzi kufafanua sifa tano za mkalimani bora. Vijana wake hawakufanya vyema. Muhula mpya ulipoanza, alitaka kuwagawa tena watatu watatu kwa mada nyingine. Kijana mmoja akanyosha mkono, akauliza kwa adabu, "Samahani, mwalimu, hili litatoka?" Mama akajibu kwamba huenda lisitoke. "Basi tunaomba notsi," akasema kijana.

Shule ya Mbeya, basi, ilikuwa imeyapatanisha mafundisho na mtihani, ikauacha mtaala nje. Shule ya Iringa ilikuwa imeyapatanisha mafundisho na mtaala, mtihani ukaja ukabomoa. Wenzangu wengi huliona kosa la Mbeya kuwa ndilo kubwa. Mimi naona la Iringa lina uchungu zaidi, maana lile la kwanza humnyima mwanafunzi kitu asichokijua, na hili la pili humpa kitu kizuri mkononi, kisha likamwambia kwamba alichopewa hakina bei.

Nchi hii ya milima imekwisha kuona jambo hili zamani. Huko Malangali, katika wilaya ambayo leo ni Mufindi, miaka ya mwisho ya 1920 mkuu wa shule ya serikali, W. B. Mumford, alijaribu kuijenga shule juu ya maisha ya wenyeji: ngoma zao, mila zao, na wazee wakaitwa kuwafundisha vijana. Habari za jaribio hilo alizieleza mwaka 1930 katika jarida liitwalo Africa. Mtu ana haki ya kumshuku Mumford, nami namshuku. Serikali ya kikoloni iliposema elimu ya kuwafaa wenyeji, mara nyingi ilikuwa na maana ya elimu ya kuwaweka wenyeji mahali pao. Lakini tukiacha nia, tutazame hesabu. Kazi ya ukarani ilitaka kusoma, kuandika, hesabu na Kiingereza; haikumwuliza mtu ngoma wala mila. Jaribio halikudumu. Vijana wa Malangali walipiga hesabu ile ile aliyoipiga kijana wa Iringa aliyeomba notsi.

Baada ya uhuru tulilijua tatizo na tukalitaja hadharani. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia jinsi mitihani inavyopewa ukubwa kuliko maisha ambayo mwanafunzi anaandaliwa kuyaishi. Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Azimio la Musoma likafuata mwaka 1974, na tangu mwaka 1976 alama za kazi za shuleni zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Mwaka 1975 ikaundwa taasisi ya kuandaa mitaala, ambayo leo ni Taasisi ya Elimu Tanzania. Hivyo tukawa na nyumba mbili, moja iandikayo mtaala na nyingine itungayo mtihani, na mwalimu akabaki katika nyumba ya tatu, darasani. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalipoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri, serikali iliyafuta, yakapangwa upya. Katika fadhaa ile kila mmoja alinyosha kidole kuelekea nyumba ya jirani. Mwaka 2024 mtaala mwingine mpya ulianza kutumika, nao pia unasisitiza utendaji. Nautakia heri; lakini kijana wa Iringa atauuliza swali lake lile lile.

Hapa watu wengi huhitimisha kwa kusema kwamba Baraza na libadilishe mtihani wake. Mimi siandamani nao, au tuseme siandamani nao mpaka mwisho wa njia. Mtihani wa kuzungumza kwa watahiniwa wa nchi nzima ni kazi nzito na ya gharama. Mtahini wa Mbeya atamsikiaje kijana wa Pemba bila ya lafudhi kumwingia sikioni? Ukalimani uwe wa kutoka lugha gani? Baraza haliwezi kuchagua Kihehe likakiacha Kisambaa, na likichagua Kiingereza, litakuwa linapima Kiingereza. Walimu wa sayansi watakumbuka ule mtihani wa zamani uliokuwa badala ya vitendo, ambamo kijana aliulizwa kwa maandishi juu ya maabara asiyoiona. Nadhani hakuna aliyeulilia ulipoondoka, lakini ulikuwapo kwa sababu ya shida ya kweli.

Tena iko hesabu nyingine ambayo hatupendi kuipiga. Nilimhesabia binti wa Tukuyu karatasi zote za Kiswahili atakazozifanya katika miaka yake miwili ya kidato cha tano na cha sita: majaribio ya mwezi, mitihani ya nusu muhula na ya muhula, moko na mtihani wa mwisho. Nilipata 19. Katika hizo, karatasi 2 tu zitatoka katika Baraza. Zile 17 hutungwa na walimu wake, au na walimu wa shule jirani. Hakuna sheria iliyowalazimisha kuuliza sifa tano mara 17. Waliogopa, nao woga una busara yake; lakini upimaji ambao ulikusudiwa kumwongoza mwanafunzi akiwa njiani umegeuka kuwa mtihani wa mwisho unaorudiwarudiwa mpaka siku yake ifike.

Nilimweleza mkuu wa idara wa shule ya Mbeya mawazo haya, naye akanialika Jumamosi moja alasiri. Tulikuwa watano, walimu wanne wa Kiswahili na mimi, na chupa kubwa ya chai. Tuliligawa karatasi moja kubwa safu tatu: mtaala unataka mwanafunzi aweze kufanya nini, darasani tunafanya nini, katika majaribio tunauliza nini. Sarufi ilitoka salama, safu zote tatu zikisema jambo moja. Katika ushairi, safu ya kwanza ilisema kutunga na kuhakiki, nyingine mbili zikasema kuhakiki tu. Tulipofika kwenye masimulizi ya fasihi simulizi, safu ya kwanza iliandikwa kusimulia, ya pili na ya tatu tukazitazama muda, tukaziacha tupu. Mwalimu mmoja aliyebakiza miaka michache kustaafu alivua miwani akasema, "Kumbe tunapanda mabasi matatu kwa tiketi moja." Ukalimani nimekwisha kuueleza.

Mkuu wa shule alikuja tukiwa tunamalizia. Alitazama karatasi, akauliza swali moja tu: ufaulu ukishuka, nani atakwenda kujibu? Lilikuwa swali la haki, kwa kuwa shule hupimwa kwa daraja za wanafunzi wake, na yeye ndiye huitwa. Hatukumwahidi kwamba hautashuka. Tulikubaliana kuanza na kidogo: katika mtihani wa muhula, alama 70 zibaki kama zilivyokuwa, 30 ziwe za kutenda.

Walimu wakauliza wakati utapatikana wapi. Darasa lina wanafunzi 60; ukimsikiliza kila mmoja peke yake kwa dakika 5, ni dakika 300. Ukiwaita watatu watatu kwa dakika 12, kila mmoja akishika zamu ya ukalimani, ni makundi 20 na dakika 240, yaani vipindi 6. Vipindi 6 vilikuwapo. Ndivyo vilivyokuwa vikitumika kunakili na kusahihisha sifa. Jambo lililokuwa gumu zaidi lilikuwa uaminifu. Alama za shuleni zimekwisha kupata sifa mbaya ya kuongezwa, na si siri. Kwa hiyo kila kundi lilisikilizwa na walimu wawili, kila mmoja akitia alama zake bila ya kumwonyesha mwenziwe, kwa mambo matatu tu: je, ujumbe umefika wote, umefika kwa maneno yanayomfaa msikilizaji, umefika kwa wakati wake? Walimu wawili wakitofautiana kwa zaidi ya alama 4, kundi lilirudiwa.

Tuliweka pia swali moja la maandishi. Mwanafunzi alipewa maneno ya mkulima wa viazi aliyoyasema mbele ya bwana shamba, na chini yake maneno ya mkalimani, akatakiwa aonyeshe kilichopotea, kilichoongezwa, na jinsi ambavyo yeye angesema. Swali la namna hii Baraza lingeweza kuliuliza kesho nchi nzima bila ya kumtuma mtu hata mmoja popote. Hapo ndipo naandamana na wale wanaotaka karatasi za Baraza zibadilike.

Binti wa Tukuyu alipata 27 katika 30. Kijana aliyekuwa wa kwanza katika kuorodhesha sifa alisimama akanyamaza karibu dakika nzima, jasho likimtoka katika baridi ile; baadaye alimfuata mwalimu, akaomba afundishwe. Wako pia waliolalamika kwamba walimu wamewageuza kuwa panya wa majaribio mwaka wa mtihani, na baba mmoja alikuja shuleni kuuliza kama hayo yamo katika muhtasari. Akafunguliwa ukurasa, akausoma akiwa amesimama.

Kisha ikaja moko, iliyotungwa na walimu wa shule kadhaa kwa pamoja. Kuhusu ukalimani iliuliza sifa tano. Binti aliandika sifa nne, na chini ya ile ya nne akaeleza habari ya mzee, mgeni na salamu, mistari minane kwa hati ndogo. Hakupata alama kwa mistari hiyo. Haikuwamo katika mwongozo wa usahihishaji.

Mkuu wa idara amechaguliwa kuwa miongoni mwa watungaji wa moko ijayo. Majuzi ameniletea swali lake la mkulima na bwana shamba, akaniuliza kama alama 10 zinatosha. Nimemwandikia kwamba aweke 15, na kwamba katika mwongozo aache nafasi ya jawabu ambalo yeye mwenyewe hakulitazamia.